Kipakizi cha siriali: Kifaa kidogo kinachoiamsha chipu ya kwanza ya fundi

Na Mwandishi Wetu

CHIPU ya maikrokontrola inaponunuliwa dukani huwa tupu. Ina kumbukumbu, ina saa yake ya ndani, ina miguu ya kupokea na kutoa umeme, lakini haijui kazi yoyote. Fundi akiiunganisha na umeme itakaa kimya, hadi hapo itakapoandikiwa programu ya kuiamuru iwashe taa, isome kipimajoto au iendeshe pampu ya maji.

Programu hiyo huandikwa kwenye kompyuta, kisha huhamishiwa ndani ya chipu kwa kifaa maalumu ambacho katika makala haya tutakiita kipakizi. Hapo ndipo anayeanza kazi hii hukutana na kikwazo chake cha kwanza.

Vipakizi vingi vinavyochomekwa kwenye USB vina maikrokontrola ndani yake, nayo pia ilikuwa tupu kabla ya mtu kuiwekea programu. Mfano mzuri ni USBasp, kipakizi ambacho mchoro wake na programu yake hutolewa bure kwa kila mtu. Moyo wa kifaa hicho ni chipu ya ATmega8. Ili kuitengeneza USBasp, sharti kwanza ATmega8 ipakiwe programu. Na ili ATmega8 ipakiwe programu, sharti kuwe na kipakizi.

Ni kisa cha kuku na yai. Aliye jirani na fundi mwenye kipakizi ataazima, kama vile watu walivyozoea kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Asiye na jirani wa namna hiyo anahitaji njia ya kuuwasha moto mwenyewe.

Njia hiyo ipo, nayo ni ya zamani: kipakizi cha siriali. Hakina chipu yoyote ndani yake. Kina rezista chache, zena mbili, dayodi moja na transista moja, navyo vyote hutosha kwenye kipande cha ubao chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Makala haya yanaeleza namna kinavyofanya kazi, namna ya kukiunda, namna ya kukipima kabla chipu haijawekwa, na mahali ambapo uwezo wake unakoma.

Mlango wa siriali ni nini?

Mlango wa siriali ni ule unaopitisha data biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Kanuni zake, zijulikanazo kwa jina la RS-232, zilitolewa nchini Marekani mwaka 1960, wakati ambapo haja kubwa ilikuwa kuunganisha mashine za kuchapa maandishi na modemu za simu. Kiunganishi cha pini 9 tunachokijua leo kilienea kupitia kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mlango huu hautumii volti 5 na sifuri kama chipu zitumiavyo. Katika waya wa data, biti 1 huwakilishwa na volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri, na biti 0 huwakilishwa na volti chanya, kati ya 3 na 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo mtu akiunganisha waya wa mlango huo moja kwa moja na mguu wa chipu, anaweza kuiunguza.

Jambo la pili ni kwamba, mbali na waya wa kutuma data uitwao TXD na wa kupokea uitwao RXD, mlango una nyaya za ishara. DTR na RTS hutoka kwenye kompyuta. CTS huingia kwenye kompyuta. Enzi za modemu, RTS ilikuwa na maana ya kompyuta kuomba ruhusa ya kutuma, na CTS ilikuwa jibu la modemu kwamba ruhusa imetolewa.

Programu ya kompyuta inaweza kuzipandisha na kuzishusha DTR na RTS wakati wowote ipendao. Inaweza pia kuishikilia TXD upande wa chanya, na kusoma hali ya CTS. Nyaya zilizokusudiwa kwa ajili ya salamu za modemu zinaweza basi kupewa kazi nyingine kabisa, maadamu upande wa pili kuna kitu kinachoelewa lugha hiyo.

Chipu inavyosikiliza

ATmega8 ni ya ukoo wa chipu uitwao AVR. Asili ya ukoo huo ni kazi ya wanafunzi wawili wa chuo cha teknolojia cha Trondheim nchini Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Kampuni ya Atmel iliuingiza sokoni katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 Atmel yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Microchip. Bodi za mwanzo za mradi wa Arduino, ulioanza mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, zilitumia ATmega8 hiyohiyo.

Chipu hiyo ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 8, ambayo inaweza kufutwa na kuandikwa upya mara 10,000. Zaidi ya hayo, haihitaji volti kubwa wakati wa kupakiwa. Volti 5 zilezile inazotumia kazini zinatosha, na nyaya nne tu ndizo zinazohitajika.

Waya wa kwanza ni RESET. Ukishushwa hadi sifuri, chipu huacha kazi yake na kuwa tayari kusikiliza. Wa pili ni SCK, unaotoa mapigo: kila pigo ni biti moja. Wa tatu ni MOSI, unaopeleka biti ndani ya chipu, na wa nne ni MISO, unaorudisha majibu.

Kila amri ina baiti nne. Amri ya kwanza kabisa, ile ya kubisha hodi, ni AC 53 00 00 kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita. Chipu iliyo hai na iliyounganishwa sawasawa huirudisha baiti ya 53 wakati baiti ya tatu inapoingia. Mwangwi huo ndio uthibitisho wa kwanza kwamba pande mbili zimesikilizana. Usiposikika, hakuna haja ya kuendelea. Kosa litafutwe kwenye nyaya.

Kazi ya kipakizi cha siriali, kwa hiyo, ni ndogo sana. Kinazichukua TXD, RTS na DTR, kinazipunguza volti zake zisizidi 5 wala zisishuke sana chini ya sifuri, kisha kinazifikisha kwenye RESET, SCK na MOSI. Akili yote imo ndani ya kompyuta.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vya kipakizi chenyewe ni hivi:

- Kiunganishi jike cha pini 9, kwa kuwa mlango wa kompyuta ni dume
- Rezista tatu za omu 4,700
- Rezista moja ya omu 10,000
- Zena mbili za volti 5.1
- Dayodi moja aina ya 1N4148
- Transista moja aina ya BC547
- Kapasita moja ya nanofaradi 100
- Ubao wa majaribio au ubao wenye mistari ya shaba, na nyaya nyembamba

Vingi kati ya hivyo ni vifaa vya kawaida vya mafundi redio, vinavyopatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Rezista na dayodi zinaweza pia kung'olewa katika bodi za redio zilizoharibika, mradi zipimwe kwanza.

Kwa chipu yenyewe, ATmega8A ambayo ni toleo la baadaye ina mpangilio uleule wa miguu. ATmega328P ya miguu 28 nayo inalingana nayo katika miguu yote itakayotajwa hapa.

Umeme wa volti 5 unaweza kutoka kwenye chaja ya simu yenye tundu la USB. Kipakizi hiki hakiipi chipu umeme. Sharti chipu iwe na umeme wake.

Namna ya kuunganisha

Anza na ethi, yaani mstari wa sifuri. Pini ya 5 ya kiunganishi, hasi ya chaja, na mguu wa 8 na wa 22 wa chipu viunganishwe pamoja. Pasipo mstari huu wa pamoja, volti za upande mmoja hazina maana yoyote kwa upande wa pili.

Chanya ya chaja iende kwenye mguu wa 7 na wa 20. Kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe kati ya mguu wa 7 na wa 8, karibu kabisa na chipu.

Mapigo: kutoka pini ya 7 ya kiunganishi, ambayo ni RTS, weka rezista ya omu 4,700 hadi mguu wa 19, ambao ni SCK. Kwenye mguu huohuo unganisha zena, upande wenye mstari ukitazama mguu wa chipu na upande wa pili ukienda ethi.

Data inayoingia: kutoka pini ya 4, ambayo ni DTR, weka rezista ya omu 4,700 hadi mguu wa 17, ambao ni MOSI. Zena ya pili iwekwe hapo kwa namna ileile.

Data inayotoka: mguu wa 18, ambao ni MISO, uende moja kwa moja pini ya 8, ambayo ni CTS. Kikanuni, mlango wa siriali unatarajia volti hasi kwa upande wa chini. Hata hivyo, vipokezi vya kompyuta vilivyo vingi hubadilisha uamuzi wao kati ya volti 1 na 2, hivyo sifuri na 5 za chipu husomeka vizuri.

RESET inahitaji maelezo zaidi, kwani hapo ndipo transista inapotumika. Kutoka pini ya 3, ambayo ni TXD, weka rezista ya omu 4,700 hadi mguu wa kati wa BC547, yaani besi. Emita iende ethi. Kolekta iende mguu wa 1 wa chipu. Rezista ya omu 10,000 iunganishe mguu huo wa 1 na volti 5. Ukiishika BC547 uso wake bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto miguu ni kolekta, besi na emita.

Dayodi ya 1N4148 iunganishwe kati ya besi na ethi, upande wenye mstari ukiwa kwenye besi. Kazi yake ni kuilinda transista wakati TXD inaposhuka hadi volti 10 au 12 hasi, kiwango ambacho besi haiwezi kukistahimili.

Kwa nini transista? TXD isipotumika hukaa upande hasi. Laiti ingeunganishwa na RESET kwa rezista na zena kama nyaya nyingine, chipu ingebaki imezuiwa muda wote kebo ikiwa imechomekwa. Transista hugeuza hali hiyo. TXD ikiwa hasi, transista imelala na rezista ya omu 10,000 huipandisha RESET hadi volti 5, hivyo chipu hufanya kazi yake kama kawaida. Programu ya kompyuta ikiisukuma TXD upande wa chanya, transista huamka na kuishusha RESET hadi sifuri. Fundi anaweza basi kupakia, kujaribu, kusahihisha na kupakia tena bila kuchomoa kitu.

Tahadhari kuhusu kiunganishi: hesabu ya pini za jike ni kinyume cha ile ya dume ukizitazama kwa mbele. Usibahatishe. Tarakimu ndogo zimechapwa kwenye plastiki kando ya kila pini. Zisomwe kwa mwanga mzuri kabla ya kulehemu.

Pima kabla ya kuweka chipu

Hatua hii aghalabu hurukwa, nayo ndiyo inayookoa chipu. Acha soketi ya chipu ikiwa tupu. Washa volti 5, kisha chomeka kebo kwenye kompyuta iliyowashwa. Weka waya mweusi wa mita kwenye ethi na upime kwa waya mwekundu.

Pini ya 3 ya kiunganishi inapaswa kuonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12. Ikionyesha sifuri, ama kebo imekatika, ama huo si mlango wa siriali.

Mahali pa mguu wa 1 panapaswa kuonyesha volti 5. Pakionyesha sifuri, transista imegeuzwa au rezista ya omu 10,000 haijafika.

Mahali pa mguu wa 17 na wa 19 panapaswa kuonyesha karibu volti 0.7 hasi. Hiyo ni dalili njema: zena inapitisha umeme upande wake wa mbele na kuzuia volti hasi zisiifikie chipu. Ukisoma 5 hasi, zena imewekwa kinyume. Ukisoma 9 au 10 hasi, zena haijashika kabisa. Katika hali hizo mbili, chipu ingeumia.

Baada ya vipimo hivyo kuwa sawa, zima umeme, chomoa kebo, weka chipu, washa volti 5 kwanza, kisha chomeka kebo. Utaratibu huo una sababu. Chipu isiyo na umeme wake inaweza kuanza kujilisha kupitia nyaya za ishara, ikawa nusu hai, na kutoa majibu ya kubabaisha yanayomchosha fundi bure.

Kuzungumza na chipu

Programu inayotumika kwa upande wa kompyuta ni avrdude, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi kwenye Windows na Linux. Muunganisho ulioelezwa hapo juu unajulikana ndani ya avrdude kwa jina la ponyser, kwa kuwa ni mpangilio uleule wa nyaya wa programu ya PonyProg kutoka Italia.

Amri ya kwanza isiandike kitu. Iwe ya kusalimiana tu:

avrdude -c ponyser -p m8 -P com1

Kwenye Linux, mahali pa com1 huandikwa /dev/ttyS0. Mambo yakiwa sawa, kompyuta itaonyesha alama ya utambulisho wa chipu. Ya ATmega8 ni 1E 93 07: tarakimu mbili za kwanza ni za mtengenezaji, za pili zinaonyesha ukubwa wa kumbukumbu, na za tatu aina yenyewe. ATmega328P hujibu 1E 95 0F, na kwa chipu hiyo maneno ya -p m8 hubadilishwa kuwa -p m328p.

Iwapo jibu ni 00 00 00 au FF FF FF, chunguza MISO na umeme wa chipu. Iwapo majibu yanabadilika kila mara, fupisha kebo na upunguze kasi kwa kuongeza -i 10 kwenye amri, ili kila badiliko lisubiri maikrosekunde 10. ATmega8 mpya hutembea kwa saa ya ndani ya megahezi 1, na mapigo ya SCK hayapaswi kwenda kwa kasi inayoipita.

Baada ya kusalimiana, ndipo programu ipakiwe. Kwa mfano, faili la kuwasha na kuzima taa ndogo ya LED iliyounganishwa na mguu wa 14 kupitia rezista ya omu 330 hupakiwa hivi:

avrdude -c ponyser -p m8 -P com1 -U flash:w:taa.hex:i

Avrdude hufuta kumbukumbu, huandika, kisha husoma tena kila baiti na kuilinganisha na faili. Taa ikianza kuwaka na kuzimika, kipakizi kimefaulu.

Tahadhari ya fyuzi

Chipu za AVR zina biti maalumu zinazoitwa fyuzi. Hizi si fyuzi za kukatika umeme unapozidi, bali ni mipangilio inayoamua, miongoni mwa mambo mengine, chipu itumie saa ipi. Kwa ATmega8 kuna baiti mbili za fyuzi, na thamani zake kutoka kiwandani ni E1 kwa ya chini na D9 kwa ya juu.

Chipu nyingi zinazodhaniwa kuwa zimekufa zimefungwa tu na fyuzi. Ukiiamuru chipu itumie kristali ya nje ilhali kristali haipo, saa yake husimama na haitajibu tena. Dawa yake ni kuweka kristali kati ya mguu wa 9 na wa 10, na kapasita mbili za pikofaradi 22 kutoka kila mguu hadi ethi. Chipu itaamka na fyuzi zitaweza kurekebishwa.

Hatari kubwa zaidi ni fyuzi iitwayo RSTDISBL, inayougeuza mguu wa RESET kuwa mguu wa kawaida. Ukiiwasha, kipakizi cha siriali hakina tena mlango wa kuingilia. Chipu hiyo itahitaji kipakizi cha aina nyingine, kinachotumia volti 12.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba katika AVR biti yenye thamani ya 0 ndiyo iliyowashwa, na yenye 1 ndiyo iliyozimwa. Katika PonyProg, kisanduku kilichotiwa alama maana yake ni 0. Anayenakili thamani kutoka programu moja kwenda nyingine bila kujua hilo anaweza kugeuza kila kitu kinyume. Kanuni iliyo salama ni kusoma fyuzi kwanza, kuziandika karatasini, kisha kubadilisha biti ile tu inayohitajika.

Kwa nini kinakataa kwenye kompyuta ndogo?

Kompyuta nyingi za kupakata ziliacha kuwekewa mlango wa siriali katika miaka ya 2000. Wengi hudhani jibu ni kununua kebo ya kugeuza USB kuwa siriali. Jibu hilo lina kasoro mbili.

Ya kwanza ni volti. Vigeuzi vidogo vya volti 5 au 3.3 vinavyouzwa kwa ajili ya maikrokontrola havitoi volti chanya na hasi za RS-232, na ishara zake ziko kinyume. Havifai kabisa kwa mzunguko huu.

Ya pili ni kasi. Kebo kamili ya RS-232 inaweza kuwa na volti sahihi, lakini kila badiliko la DTR au RTS husafiri kama ujumbe kamili wa USB, unaochukua takribani milisekunde moja au zaidi. Tufanye hesabu. Kujaza kilobaiti 8 ni baiti 8,192, na kila baiti hupelekwa kwa amri ya biti 32, jumla biti 262,144. Kila biti inahitaji SCK ipande na ishuke, yaani mabadiliko 524,288. Kwa milisekunde moja kila badiliko, hizo ni karibu dakika tisa, kabla ya kuhesabu MOSI na kabla ya kuhakiki.

Si jambo lisilowezekana kwa programu fupi ya taa, lakini ni la kuchosha kwa programu kubwa. Mahali pa kipakizi hiki ni kompyuta ya mezani. Kompyuta za mezani za zamani, zikiwamo zinazouzwa kama mitumba, zina mlango huo nyuma yake. Hata baadhi ya bodi kuu za miaka ya karibuni bado zina safu ya pini ndani iliyoandikwa COM, inayohitaji kebo fupi tu ya kuitoa nje. Zipo pia kadi za siriali za kuchomeka ndani ya kompyuta.

Kutoka moto wa kwanza hadi wa pili

Je, kuna haja gani ya kukiunda kifaa chenye mipaka ya namna hii, wakati bodi ya Arduino yenye USB inaweza yenyewe kugeuzwa kuwa kipakizi cha chipu nyingine? Aliye na bodi hiyo, au mwenye USBasp iliyokwisha kutengenezwa, hana haja kubwa. Huyo ameshapata kaa la jirani.

Kwa asiye nayo, kipakizi cha siriali kinahitaji kufaulu mara moja tu. Anaweza kukitumia kuipakia ATmega8 programu ya USBasp, kisha kuihamishia chipu hiyo kwenye bodi ya USBasp aliyoiunda mwenyewe. Tangu siku hiyo atakuwa na kipakizi kinachofanya kazi kwenye kompyuta yoyote yenye USB, na anaweza kuwapakia wenzake chipu zao.

Katika kazi hiyo mpangilio ni muhimu. Programu ipakiwe kwanza na kuhakikiwa. Fyuzi zifuate mwisho, EF kwa ya chini na C9 kwa ya juu, thamani zinazotakiwa na USBasp yenye ATmega8. Baada ya hapo chipu itadai kristali ya megahezi 12 na haitajibu bila hiyo.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa haraka. Kipakizi cha kununua kikikataa, fundi asiyejua kinachoendelea ndani hana la kufanya ila kununua kingine. Aliyekwisha kupima volti 0.7 hasi kwenye mguu wa 19 kwa mita yake, na kuona baiti ya 53 ikirudi, anajua kwamba nyuma ya kila kipakizi, kiwe cha bei gani, kuna nyaya nne zilezile: moja ya kuizuia chipu, moja ya mapigo, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Kosa likitokea atajua pa kuanzia kulitafuta.